Nishani ya Babu Mbonde

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kila nikiikumbuka natahayari. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, fundi cherehani hapa Kibiti, na mdomo nilikuwa nao. Uhuru ulikuwa bado mpya. Tukapata habari kwamba wazee waliotekwa na Wajerumani katika vita vya Maji Maji watapewa nishani kule Utete. Kijijini kwetu alikuwa amebaki mmoja tu, Babu Mbonde.

Babu huyo alikuwa mteja wangu. Kila nilipompimia kanzu alisema neno lile lile: "Shingo pana, mjukuu wangu. Isinibane." Nami humtania kwamba anataka kanzu ya kuingia watu wawili, naye hucheka. Shingoni alikuwa na kovu la kuzunguka. Nililiona mara ngapi sijui, wala sikumuuliza.

Basi kwa kuwa najua kushona, kamati ikanipa kazi ya kutia utepe kwenye nishani na kuwavisha wazee. Nikachagua utepe mwekundu, mnene, nikaupiga cherehani mara mbili usije ukakatika. Nilijiona fundi kwelikweli.

Zamu yake ilipofika, Babu Mbonde alinyoosha kiganja. "Nipe mkononi, mjukuu wangu."

Nikadhani anaona haya mbele za watu. "Aa, babu, leo siku yako!" nikamjibu, nikamtia utepe shingoni kwa nguvu huku nacheka.

Mwanangu, mzee yule alitetemeka mwili mzima. Akakaa chini vumbini, vidole vikiuvuta utepe kama mtu anayekabwa. Vigelegele vikakatika. Nikamvua utepe huku nalia, maana kovu lile sasa nilikuwa nimelielewa.

"Tulifungwa mnyororo mmoja, watu wanane, shingo kwa shingo," alisema pumzi ilipomrudia. "Mmoja akianguka, sote tunavutwa chini. Nilirudi peke yangu. Sina hasira nawe, mjukuu wangu. Ila nilikwambia mkononi."

Kisha akaomba mkasi, nikaukata utepe wangu mzuri mbele ya watu wote. Akaishika nishani kiganjani, akawataja wenzake saba, mmoja mmoja, nasi tukawaombea rehema. Kanzu yake ya mwisho niliishona mimi. Shingo niliiacha pana, nikamwekea mfuko wa nishani upande wa moyo, baada ya kumuuliza kama anautaka.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: ukitaka kumheshimu mtu, muulize kwanza. Akishakujibu, fuata alilosema, hata kama wewe umeshaandaa lako la kupendeza. Mimi niliulizwa na kovu kila siku, nikajibu kwa utani.

Mungu akupe sikio la kusikia wazee na mkono usio na pupa, na shingo yako isijue mnyororo maisha yako yote. Amin.