Nani Analibana Jiwe?

Mie jikoni kwangu leo siingii tena.

Mnalikumbuka lile jiwe la mpira nililopewa na watafiti wa chuo? Moja ninalo mie hapa Harrow, ughaibuni, la pili analo mama, Pemba. Nikilibana langu, lake linatetemeka. Akilibana lake, langu linatetemeka. Eti tushikane mikono kwa mbali.

Leo mchana napika, langu likaanza.
Halikuacha.
Nikajua mama kaanguka. Nikalibana kwa nguvu, ajue nimesikia.
Likazidi!

Nikapiga simu. Mama kapokea analia.
"Mwanangu, umepatwa na nini? Tangu nimalize kuswali alasiri jiwe linatetemeka, nami nalibana tu nikuitikie!"

Wallahi nilicheka. Kumbe tunatishana wenyewe kwa wenyewe!

"Basi mama, liweke chini. Na mie naliweka."

Yeye akaliweka mkekani, mie mezani. Tukasubiri, simu sikioni.

"La kwako limeacha?" mama akaninong'oneza.

Halijaacha. Na lake halijaacha.

Sasa nipo sebuleni, mlango wa jikoni nimeufunga, na nalisikia linavyogonga meza.

Nambieni jamani, nani analibana?