Kadi za Buluu Zilizotoka Zambarau

Nyevu Masha anachomoa kadi moja kwenye bunda lililotoka mtamboni, wino bado unanuka, anatoka nayo mlangoni. Juani. Anaigeuza hivi, anaigeuza vile, kisha anaifunika kwa kiganja.

"Roho haijanitulia," anasema. "Mpaka mwenyewe aione."

Mwenyewe ni Bi Swabaha wa Majengo, anayemwoza binti yake Ijumaa hii. Na harusi ya Mombasa, wewe, si mchezo! Sare za akina mama zimeshashonwa kwa kitambaa cha buluu iliyokoza, na kadi sharti zifuate sare. Wiki iliyopita kadi zilitoka zambarau.

"Kwenye kompyuta tuliiona pamoja, buluu tupu," Nyevu anakumbuka. "Akanipigia vigelegele papo hapo. Kisha zambarau! Nikasema, basi tena, narudi kwenye viazi."

Hatii chumvi. Miaka sita aliuza viazi katika soko la Marikiti, siku mbaya akirudi kwa wanawe wawili na shilingi hamsini. Jioni alijifunza kupiga taipu, akaajiriwa katika kiwanda hiki kidogo cha uchapaji pembeni mwa Mji wa Kale. Kompyuta ilipoletwa mwaka juzi, 1995, yeye ndiye aliyekalishwa mbele yake. Safari hii mwenye kiwanda, Badawi, hakumficha: kadi zikiharibika tena, kiti hicho atakikalia mwingine.

Kuuliza si ujinga. Nyevu akamwendea Joab, mpiga chapa, naye akamwonyesha mikebe yake ya wino: samawati, waridi, manjano na nyeusi. Basi.

"Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga: mwekundu, wa kijani na wa buluu," Joab anaeleza akipangusa vidole kwa tambara. "Karatasi haiwaki, mama. Rangi zote nazitoa kwenye mikebe hii minne. Picha ya mwanga lazima igeuzwe iwe ya wino, na ile buluu ya kung'aa hupotea njiani. Waridi ikizidi, ndiyo zambarau hiyo."

Nyevu akaigeuza picha iwe ya wino nne kabla haijafika mtamboni, akapunguza waridi kidogo kidogo. Maua ya pembeni nayo yalikuwa yamekatika vijisanduku, kwa kuwa aliyabana yawe faili ndogo, yaenee yote kwenye disketi moja. Akayapiga skani upya, asiyabane, kila ua na disketi yake.

Bi Swabaha anaingia, kipande cha sare begani.

"Sabalkheri, mwanangu. Leo wanionyesha nini? Zambarau tena?"

"Sabalkheri, mama. Nisikudanganye, si ile ya kwenye kioo, wino hauifikii. Lakini njoo tuione juani."

Mnunuzi wa leso hapa mjini haamini taa ya duka. Huitoa leso nje kwanza. Wiki ile wote wawili walisahau, kompyuta iliwazuga. Sasa Bi Swabaha anakilaza kitambaa juu ya kadi na kuinamisha uso. Joab ameacha mtambo.

"Alhamdulillahi!" Bi Swabaha anapaza sauti. "Ndiyo hii! Wallahi ndiyo yenyewe!"

Nyevu anaketi kizingitini, anacheka na machozi yanamtoka. Ndani, Badawi anajifanya anapanga karatasi.

"Kalenda za mwaka ujao utazishika wewe," anasema bila kugeuka.

Nyevu anapanga siku moja kununua kompyuta iliyotumika na kufungua chumba chake cha kutengeneza kadi huko Majengo. "Lakini leo," anasema, "acha nipumue kwanza."

Bi Swabaha anaomba kalamu. Anaiegemeza kadi ile ukutani, anaandika polepole, "Bi Nyevu na jamaa zake", kisha anampa Nyevu.

"Ya kwanza ni yako. Usipokuja nakufuata."

"Nitakosaje, mama?" Nyevu anajifuta macho. "Nikatie tu kitambaa, nami nishone sare."