Hayo Mengine Ni Habari za Kuku

Unga wa ngano ukichemshwa kwa maji mengi hutoa harufu tamu kidogo, na ukilala siku moja huanza kuchacha. Mjukuu wangu, anayesoma sekondari ya wasichana hapa Sumbawanga, aliuchemsha Jumamosi moja kwenye jiko la mkaa uani, akitengeneza gundi ya kubandikia gazeti la ukutani la darasa lao. Mimi nilikuwa nimekaa juani, maana Juni ya huku Ufipa haina huruma na mifupa ya wazee. Upepo ukaniletea ile harufu. Nikainuka nikaingia ndani.

"Babu, uji wangu umekukosea nini?" akaniuliza huku akicheka.

Sikumjibu. Ninyi nitawajibu.

Nilizaliwa upande wa Mollo, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na mashamba ya ulezi na maharage. Kwa mama tulikuwa wawili tu: dada yangu Filomena, na mimi niliyemfuata. Filo alipomaliza darasa la nne alichaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa chini ya masista, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua la utosi. Baba aliuza fahali wake mmoja kwa ajili ya sare, blanketi na sanduku la bati. Wazee wenzake walimwuliza kama amerogwa.

Filo alipoondoka, kazi zake hazikuondoka naye. Ndoo ya maji ikawa yangu, kuni zikawa zangu, na kupeta ulezi kukawa kwangu. Kwetu wakati huo mvulana hakubeba ndoo kichwani. Wenzangu waliokuwa wakichunga karibu na kisima walinisubiri kila jioni.

"Filomena! Kanga yako umeiacha wapi?"

"Filomena, mahari yako ng'ombe wangapi?"

Niliwarushia mawe, maji yakanimwagikia, nikarudi kisimani, nao wakaanza upya. Leo nikisimulia inachekesha. Wakati ule nililala nikimchukia dada yangu aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha chuma na kujifunza nyimbo.

Mwaka wa pili, baba alinichukua twende naye siku ya wazazi. Nilikuwa darasa la nne na nilisoma vizuri. Baba hakujua hata herufi moja, na alitaka macho ya kwenda nayo. Njiani alinunua miwa miwili ya kumpelekea Filo, akaibeba begani kama bunduki. Alikuwa na furaha ya aina yake, ile ya kutosema kitu ila kupiga mluzi.

Shule ilikuwa imezungukwa na mikaratusi. Masista walitukaribisha katika darasa kubwa ambako insha za wasichana zilikuwa zimebandikwa kwenye kuta zote kwa gundi ya unga wa ngano. Mlinzi alituambia kwamba kila mwaka panya hula insha hizo kuanzia chini, ndiyo maana za wanaofanya vizuri hubandikwa juu. Ya Filo ilikuwa juu kabisa. Mwalimu alikuwa amewapa wote kichwa kimoja: "Mzazi Wangu." Filo mwenyewe hakuwapo pale, ilikuwa zamu yake kusonga ugali wa wageni.

Kabla hatujaifikia insha yake, bibi mmoja kutoka Malangali alinishika sikio.

"We mjukuu, unajua kusoma? Hebu nisomee ya mtoto wangu huyu. Kaniandika mimi, nimeambiwa."

Nikamsomea. Mjukuu wake aliandika kwamba bibi anakoroma kama mashine ya kusaga, na anaficha sukari kwenye chungu cha mbegu. Watu wakacheka. Bibi akacheka kuliko wote, akajipiga mapaja.

"Kweli kabisa! Endelea, usiruke. Na pale chini je? Soma mpaka mwisho, nisije nikapunjwa."

Mwisho ulisema kwamba bibi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na kwamba akisikia ule mkoromo usiku anajua hayuko peke yake. Bibi akaacha kucheka. Akafungua fundo la kanga yake, akanipa karanga kiganja kizima. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha baba akaniita. "Haya, sasa ya kwetu."

Niliisoma kwanza kimya, yote. Naikumbuka hadi leo kama sala. Ilianza hivi: "Baba yangu akinywa pombe ya ulezi, mimi na mama na mdogo wangu tunakwenda kulala jikoni kwa jirani." Kisha ikaendelea: "Lakini baba aliuza fahali wake ili mimi nisome. Siku aliyonileta, alibeba sanduku langu kichwani kutoka nyumbani mpaka hapa. Wanaume wa kwetu hawabebi mzigo kichwani. Watu walimcheka njiani, yeye akaniambia nisiwaangalie. Nilitamani watu wote duniani wamwone. Nikimaliza shule nitamjengea nyumba ya bati, na ninaamini siku moja ataacha pombe, kwa sababu mtu mwenye nguvu ya kubeba sanduku lile ana nguvu ya kuacha."

Baba alikuwa ananingoja, mikono nyuma. Watu walikuwa bado wamenizunguka, wakitaka kucheka tena.

Nilisema sentensi ile ya kwanza, na niliisema kwa Kifipa. Kwa Kiswahili ingeweza kubaki kuwa mambo ya shule. Kwa Kifipa ilikuwa ni nyumbani kwetu, mlango wazi, kila mtu akichungulia. Mtu mmoja akakohoa. Bibi wa Malangali akatazama chini.

Baba aliiangalia karatasi. Hakujua kusoma, lakini aliona kwamba imejaa mpaka ukingoni.

"Na hayo mengine?"

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara moja. Akilini niliwaona wenzangu pale kisimani, wakiniita Filomena.

"Hayo mengine ni habari za kuku, baba."

Hakugomba. Alitoka, akavuka uwanja hadi jikoni, nami nyuma yake. Akamwambia Sista aliyesimamia jiko kwamba amemfuata mtoto wake. Sista akadhani anatania.

"Mzee, chakula hakijaiva. Na huyu binti yako ni wa kwanza darasani, hujaambiwa?"

"Sista, nyumba huwekwa mlango ili ufungwe," baba alisema. "Huyu ameniona, akaja kunianika ukutani kama ngozi."

Filo alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ugali umemrukia hadi kwenye viwiko. Aliniangalia mimi, si baba. Nadhani alitaka nimweleze. Nikageuka nikaitazama ile miwa miwili, iliyokuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa darasa, ng'ambo ya uwanja, na kusahauliwa.

Safari ya kurudi, Filo alilibeba sanduku mwenyewe. Baba alitangulia mbele sana, hakupiga mluzi. Filo hakulia hadi tulipofika mashamba ya kwanza ya Mollo, ambapo wanawake walikuwa wakifukia nyasi kwenye matuta. Mmoja akamwita kwa furaha, "Filo, mmefunga shule?" Hapo ndipo akaangua kilio.

Kesho yake alichukua ndoo yake. Wavulana wa kisimani hawakuniita tena jina lile, na kwa juma zima nilikuwa na raha ambayo sasa siwezi kuikumbuka bila aibu. Nilijiambia baba atapoa, nami nitamsomea yale mengine. Kila siku nilisubiri siku nzuri zaidi. Baba naye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: aliacha pombe. Hakuonja tena mpaka kifo. Watu walimsifu kanisani. Lakini alipotaka kumtuma Filo kitu alisema, "Mwambieni yule." Miaka miwili haikupita, posa ikaja kutoka Kaoze, kule bondeni kwenye joto, naye akaozwa akiwa bado anafaa kuwa na daftari mkononi.

Mimi nilisomeshwa. Mafahali waliobaki walikwenda kwenye elimu yangu hadi kidato cha nne. Baba alipenda kuwaambia wageni, "Huyu ndiye macho yangu." Nami niliendelea kula ugali.

Baba alipofariki, Filo alipanda kutoka Kaoze akiwa na mtoto mgongoni. Alikaa na wanawake siku zote za matanga bila kutoa chozi. Shangazi zetu walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwao. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa mtumishi wa serikali, nimevaa koti, watu wananiamkia shikamoo. Sikusema.

Ile harufu ya gundi ndiyo iliyonitoa nyumbani. Juma lililofuata nilishuka Kaoze. Nilimkuta dada yangu barazani akichambua mchele, macho yamemfifia, akitegemea zaidi vidole. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote, pamoja na wale kuku.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye mchele.

"Kwa hiyo hakusikia habari za sanduku."

"Hakusikia, dada."

"Na ile ya kumjengea?"

"Hakusikia hata moja."

Akaweka ungo chini. "Deo, mimi miaka yote nilijua amesikia. Nilijua nilimsifu baba yangu mbele za watu, yeye akaona haitoshi. Ndiyo maana hata watoto wangu sikuwahi kuwasifu. Niliogopa." Kisha akasema, akinitazama kwa macho yale yasiyoniona vizuri, "Ungemwambia tu yeye, alipokuwa hai. Mimi ungeniacha nilivyokuwa."

Hakunitukana. Alimwita mkwewe aniletee maji ya kunawa, tukala wali na samaki.

Nilipokuwa mtoto nilidhani nimemtoa dada yangu shule, na kwamba shule ni kitu ambacho mtu anaweza kukirudia. Nilipokuwa mtu mzima nilijua hakurudi, nikaihesabu hiyo kuwa ndiyo dhambi yangu. Sasa, nikiwa mzee, ndipo ninapomwona baba amesimama mbele ya ukuta ule, mikono nyuma, akitazama maandishi asiyoyajua. Jambo zuri kuliko yote yaliyowahi kusemwa juu yake lilikuwa mbele ya uso wake. Aliniuliza ni nini, nikamjibu, naye akaniamini.