Mama Alivyoleta Nyungu Kibaha

Kwetu Marui, kule Kisarawe, watu wote walijua nafanya kazi ofisini. Mama ndiye aliyewaambia. Ukweli ni kwamba nina chumba Kibaha, vitanda viwili, taulo na mafuta ya nazi, nakanda watu migongo. Kwa mama, masaji ni uhuni mtupu. Mtoto wa mwanakwaya ashikeshike watu! Nikimwambia, "Mama, lala nikukande," anaruka: "Toka na mafuta yako!" Iliniuma, sifichi.

Ikaja korona. Nani tena anataka kuguswa? Nikajifanya mjanja: mteja akae kitandani, mimi nisimame mlangoni na barakoa, nimwelekeze ajikande mwenyewe.

"Bonyeza bega. Siyo hilo, dada. Shuka kidogo."

Akanitazama. "Sasa hela nikupe wewe au nijilipe mwenyewe?"

Akaondoka, hajarudi mpaka leo. Nikampigia mama nikilia kwamba nafunga.

"Blanketi unalo? Jiko unalo? Sasa unalia nini?"

Kesho yake huyo, kaja na sufuria la shughuli na kiroba cha majani: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi. Nyungu, ile ya kujifukiza mvuke! Wiki haikuisha, watu wanapanga foleni, na mama ndiye bosi. Bwana mmoja wa halmashauri alitoa kichwa nje ya blanketi, anahema. Mama akamwonyesha mwiko: "Rudi humo! Mvuke tu unakushinda, korona utaiweza?" Kijana aliyesahau shikamoo aliamkia humo humo ndani ya blanketi. Kama iliponya kitu, mimi sijui. Ila walitoka wameloa chapachapa, wanacheka.

Siku moja akaingia mwanakwaya mwenzake mama kutoka Marui. Akatazama vitanda, akatazama mafuta, akanitazama mimi na taulo langu begani.

"Heh! Mama, si ulisema huyu yuko ofisini?"

Nikajua sasa nakanwa mchana kweupe. Mama akafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Ofisi ndiyo hii. Vua viatu. Ukitoka kwenye nyungu, mwanangu atakukanda mgongo, na ole wako umsumbue."

Jioni tulipofunga, mama akavua kanga yake ya juu. Nikadhani anaikunja. Akaitandika kitandani, akalala kifudifudi.

"Haya, mtu wa ofisini. Hapa kiunoni. Taratibu basi, mikono yenyewe ya baridi hiyo!"