Viti Viwili vya Mzee Amirali

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa pili, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia kichwani huwa naacha ninachofanya nikakaa chini. Si kwamba kulitokea jambo kubwa. Hakufa mtu siku hiyo, wala hakupigwa mtu. Mzee mmoja alivaa koti lake akaomba tiketi zake, basi. Nakusimulia kwa sababu jana ulinipigia simu una furaha tele, ukaniambia bosi wako, yule mama mwenye duka la dawa, amekukabidhi tiketi zao za hoki za msimu mzima, umuuzie zile wasizotumia, maana mumewe amelazwa. Ukasema, "Shangazi, wale hawaendi tena, naziuza zote." Nikanyamaza. Wewe ukadhani mtandao umekatika.

Wakati ninaokusimulia nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nasoma mambo ya maabara, na nilipanga chumba cha chini kwenye nyumba ya Mzee Amirali na mkewe, Mama Gulshan, kule Mississauga, pembeni mwa Toronto. Walikuwa Waismailia wa Tanga waliohamia huku zamani. Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko changu, na Mama Gulshan alinisahihisha bila huruma. "Binti," alikuwa akisema, "unasema 'kwa hiyo' kila baada ya maneno matatu. Pumua kidogo." Nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Wazee hao walikuwa na ugonjwa mmoja, hoki ya barafuni. Usinicheke, najua unapata shida kumfikiria bibi wa Kitanga akishabikia watu wanaosukumana juu ya barafu kwa magongo. Lakini kila mwaka walikata tiketi za msimu, viti vilevile viwili. Ukiwa na tiketi za namna hiyo unakaa mahali palepale kila mechi, na majirani zako ni walewale, kwa hiyo miaka ikipita mnajuana kama watu wa mtaa mmoja. Wewe huwezi kuliona hilo, maana kwenye simu yako ni namba ya mstari na namba ya kiti, unabonyeza, imeuzwa.

Mama Gulshan ndiye aliyekuwa mshabiki hasa. Mzee kazi yake ilikuwa kubeba makoti. Mama alimkemea refa kwa Kiswahili, "Mpuuzi we! Huoni?", mpaka mstari mzima wa nyuma ukalijua neno mpuuzi na ukawa unalitumia. Timu ikifungwa, na siku hizo ilifungwa sana, aligeuka akawapa pole majirani mmoja mmoja, huku akiwagawia kashata za nazi alizozipitisha getini ndani ya pochi. Kwenye viti vya nyuma yao walikaa Doug na mkewe Carol, Wazungu wa hapahapa Toronto. Doug alikuwa fundi bomba. Carol kila mara aliomba afundishwe kupika kashata, na Mama Gulshan kila mara alimfundisha huku akimficha jambo moja. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila aibu yoyote.

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule Mama Gulshan akafariki. Ulikuwa ugonjwa wa moyo. Siku tatu hospitalini, ikawa imekwisha. Nyumba ilijaa watu, kisha watu wakapungua, mwana wao wa pekee akarudi kazini kwake Calgary, tukabaki mimi chini na mzee juu. Nikimsikia anatembea jikoni najua yu hai. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Baada ya wiki kama mbili aliteremka na bahasha. Enzi hizo tiketi zilikuwa za karatasi, unapewa zote mwanzoni mwa msimu. Akaniambia, "Binti, mimi kuuza sijui. Siku nisiyokwenda nitakwambia, unitafutie mtu anunue. Zisikae bure." Nikamwambia, sawa, mzee.

Hapo sikiliza vizuri, mwanangu, maana ndipo lilipo kosa lenyewe. Alisema ataniambia. Mimi sikungoja. Nilivyolelewa kwetu Korogwe, mtu aliyefiwa na mwenzake haonekani kwenye burudani. Arobaini ipite kwanza, na hata ikipita anajifikiria mara mbili. Nikajiuliza, mzee wa watu ataendaje kupiga makelele uwanjani wakati mkewe hajatimiza mwezi kaburini? Watu wao watasemaje? Nikajiaminisha kwamba ile "siku nisiyokwenda" ni lugha ya upole tu, kwamba hana nguvu ya kutamka kuwa haendi tena kabisa. Desturi za watu wake kuhusu msiba sikuzijua. Nilichukua za kwetu nikamvisha, na kumuuliza niliona haya. Unamwanzaje mtu mzima habari za majonzi yake?

Nikabandika tangazo kwenye ubao wa chuo, lile lenye vikaratasi vya namba ya simu vya kuchana chini. Siku ya pili akanipigia kijana mmoja wa uhandisi, aliyekuwa na mchumba, akachukua zote mpaka mwisho wa msimu, viti vyote viwili. Nilijiona hodari. Nikaziweka pesa kwenye bahasha ileile, nikaifungia kwenye droo yangu, nikawa nangoja siku mzee atakapouliza nimjibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee, nilishamaliza kazi." Jibu hilo nilikuwa nimelifanyia hata mazoezi.

Basi Jumamosi ile mechi ilikuwa ya mchana. Saa tano asubuhi nilikuwa nafua, nikasikia miguu kwenye ngazi. Mzee alikuwa amenyoa ndevu. Kwa wiki tano sikuwa nimemwona amenyoa. Alivaa koti lake refu, na shingoni alikuwa na skafu ya timu, ile ya mkewe.

"Binti, nipe tiketi za leo."

"Za leo, mzee?"

"Carol alipiga simu jana. Wananisubiri. Nipe zote mbili, sitaki mtu akae kwenye kiti cha mama leo."

Nilikuwa na shati bichi mkononi. Nikamwambia. Sikumbuki nilianzaje, nakumbuka tu kwamba nilisema maneno mengi na yeye akachagua moja la kuuliza.

"Zote?"

"Zote, mzee. Mpaka mwisho wa msimu."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti changu cha kusomea akaitazama mashine ya kufulia inavyozunguka. Ningefurahi angenigombeza. Nikaanza kujieleza, mara arobaini, mara watu watasema, akaniinulia kiganja ninyamaze. "Vaa koti," akasema. "Twende nikawaambie mwenyewe. Sitaki wadhani nimewadharau."

Tukapanda treni kwenda mjini. Pale uwanjani watu walikuwa wamejaa mlangoni na majezi yao, na Doug na Carol walikuwa wamesimama pembeni, karibu na ukuta, wanaangalia kila anayekuja. Carol alipomwona mzee alimfuata mbiombio, akamshika mikono yote miwili akamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana." Neno alilofundishwa kwa ajili ya kufungwa mechi. Sijui kama alijua kwamba sisi tunalitumia hata kwenye msiba, lakini alilitamka sawasawa.

Kisha akafunua mkebe. Alikuwa amejaribu kupika kashata peke yake kwa siku tatu. Zilikuwa nyeusi, ngumu, na zimevunjikavunjika. Akaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba majirani wa viti wote wamepanga jambo. Jezi yenye jina la Gulshan itatandikwa kwenye kiti chake, kashata moja iwekwe juu yake, na kabla ya mechi kuanza wote watasimama kidogo. Refa akikosea, wote watamwita mpuuzi kwa niaba yake. Jezi alikuwa nayo kwenye mfuko, amewaombea watu waiandike majina yao mgongoni.

Mzee aliyasoma majina yote. Halafu akasema, "Carol, sina tiketi. Nilichanganya tarehe, nikaziuza."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Hakunigeukia hata kwa jicho. Alinisitiri mbele ya watu ambao sikuwa hata nawajua, mwanangu, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya lango, katika baridi ile, watu wakinipita.

Doug alitoa tiketi yake mfukoni, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti la mzee, akaupigapiga mfuko. Mzee akakataa, Doug akatikisa kichwa, Carol akamshika mzee mkono wakaingia. Tukabaki nje mimi na Doug. Tulikaa kwenye mgahawa wa kahawa ng'ambo ya barabara mpaka mechi ilipokwisha, na muda wote huo labda alisema sentensi nne. Moja ilikuwa kwamba tangu waoane, yeye na Carol hawajawahi kukosa mechi ya nyumbani ya Jumamosi. Hakusema kwa kunilaumu. Hakujua kwamba wa kulaumiwa alikuwa ameketi mbele yake anakunywa kahawa aliyomnunulia yeye.

Tulipopanda treni ya kurudi ilikuwa bado jua halijazama. Mzee alikaa dirishani, skafu ameikunja mapajani. Tulishapita vituo viwili alipoanza kusema.

"Kwenye viti vyetu alikaa kijana na mchumba wake. Mimi nilikuwa nyuma yao. Yule msichana ndiye aliyekaa pa mama. Mchezo haujui, anashangilia hata wakifunga wapinzani. Walikuwa na raha zao. Sikuwachukia." Akainyoosha skafu mapajani. "Carol hakuitoa jezi. Angeitoa aiweke wapi?"

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini unisikie. Sijakasirika kwa sababu umeuza, mimi ndiye niliyekupa uuze. Wewe umeniamulia lini nitoke na lini nikae ndani. Mimi, mtu mzima. Na nilikuwa hapo juu yako wiki tano nzima, hukupanda kuniuliza."

"Niliona haya, mzee."

"Haya hiyo ni yako," akasema. "Mbona nimeibeba mimi?"

Jumatatu yake nilimfuata yule kijana wa uhandisi nikamwomba anirudishie. Akanirudishia mechi mbili. Nyingine akakataa, na alikuwa na haki, alishazinunua na mchumba wake alishaanza kuupenda mchezo. Mzee alikwenda hizo mbili. Alirudi akaniambia matokeo, akaniambia Doug anasalimia, tukaendelea kuishi vizuri. Si kwamba aliniwekea kinyongo. Mara nyingine alinitania, akifungua friji ananiita, "Binti, haya maziwa umeniuzia au bado yangu?" Nami nilicheka, japo nilikuwa naona uchungu.

Ulipofika wakati wa kukata tena viti kwa msimu uliofuata, hakukata. Alisema amechoshwa na baridi ya kituo cha treni. Yawezekana ni kweli. Yawezekana pia kwamba hakutaka tena kukaa pale, baada ya kumwona mtu mwingine kwenye kiti cha mkewe siku waliyompangia. Nilikuwa naosha vyombo aliponiambia, yeye akifuta. Ningeweza kugeuka nikamuuliza. Hata baada ya yale yote sikumuuliza, mwanangu. Mwaka uliofuata alihamia Calgary kwa mwanawe, akafia huko, na sasa hakuna tena wa kunijibu.

Sasa nikwambie wazi ninalotaka. Uza tiketi za bosi wako, hakuna ubaya, kiti kikikaa kitupu hakimsaidii mtu. Ila usimwamulie yule mama kwamba mumewe hatoki tena hospitali, wala kwamba yeye mwenyewe hana hamu ya kwenda kukaa saa mbili akafikiria jambo jingine. Hujui. Mimi nilidhani najua. Kila mechi inapokaribia mpigie, mwambie, "Mama, Jumamosi kuna mechi, niuze au mtakwenda?" Akikujibu uza mara ishirini, muulize na ya ishirini na moja. Akikujibu kwa ukali, vumilia, ukali wa dakika moja hautakuua. Na ukiona ulimi unakuwa mzito, usijidanganye kwamba ni adabu. Mimi niliuita woga wangu adabu, na aliyelipa ni mtu mwingine, aliyenyoa ndevu akavaa koti akiamini kwamba mahali pake bado pako.

Mungu amnyanyue huyo mgonjwa kitandani, aubariki mkono wako katika kazi, na kila utakapokaa karibu na mtu mwenye majonzi akujalie moyo wa kumuuliza anachotaka, na subira ya kungoja akujibu mwenyewe. Amina, mwanangu.