Atuhaire na darasa lililopangwa na mtoto asiyeona

Ijumaa asubuhi, mtaa wa Darsait, Muscat, Oman. Jua bado halijatoka nyuma ya majabali, lakini joto limeshaingia uani. Peninah Atuhaire amepiga magoti katikati ya darasa, anakwangua tope kwa kipande cha bati. Juu limekauka, chini bado ni uji. Kila ndoo inapojaa, mtu nyuma yake anaipokea na kumpa tupu.

"Kwa bosi nafagia vumbi," anasema bila kuinua kichwa. "Hili si vumbi. Hili ni shamba limeingia ndani."

Nyumba hii ya zamani ni shule ndogo ya watoto wasioona. Siku chache zilizopita mvua kubwa ilinyesha milimani, na wadi, lile bonde kavu linalopita nyuma ya mtaa, likageuka mto. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma yakatokea wa mbele. Ilikuwa usiku, hakuna aliyeumia. Ila watoto wanatakiwa kurudi Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule huku, na baadhi ya wazazi, kwa hofu, wameanza kusema bora wabaki nyumbani moja kwa moja.

Atuhaire, mwenye umri wa miaka 33, ametoka Rukungiri, kusini-magharibi mwa Uganda. Huu ni mwaka wake wa sita Muscat, katika nyumba moja ya Madinat Sultan Qaboos, ambako anapika, anapiga pasi na kulea watoto. Sehemu kubwa ya mshahara inakwenda nyumbani. Kiswahili alikuja nacho kidogo kutoka Kampala. Kilichobaki alikipata jikoni, kwa kuwa wazee wa bosi wake waliwahi kuishi Unguja.

Anapumzika Ijumaa moja, nyingine anafanya kazi. Siku yake hiyo huenda kanisani Ruwi, hufua nguo zake, kisha hulala. Safari hii kundi la huduma la kanisa lilitafuta watu wa kusafisha shule, naye akanyoosha mkono.

"Ibada tumeifanya kanisani alfajiri, kabla ya kupanda basi," anasema kiongozi wao, Ssenyonga, dereva wa kiwanda kimoja huko Rusayl. "Hapa hatukuja kuhubiri. Tumekuja na ndoo."

Walifanya kazi kweli. Walitoa kila kitu nje: madawati, viti, makabati ya chuma, vitabu vya nukta nundu vilivyovimba kwa maji. Waling'oa hata ubao mrefu uliopigiliwa ukutani, ambao watoto huushika wanapopita kwenye ujia, kwa sababu nyuma yake tope lilikuwa limejazana. Kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa inang'aa.

Mwalimu mkuu, Bi Mwanamize, Mwomani mwenye asili ya Zanzibar, aliwaletea sinia za wali na samaki kutoka kwake.

"Kuleni, wanangu. Nnawashukuru mpaka sijui nseme nini," alisema.

Alikuwa amefuatana na mjukuu wake, Bashayer, mwenye umri wa miaka kumi, ambaye ni mwanafunzi hapo na hajaona tangu kuzaliwa. Siku zote, bibi yake anasema, mtoto huyo akifika getini humwachia mkono na kukimbia. Ndivyo alivyofanya.

Mlangoni akasimama ghafla. Akapiga ulimi, ta, ta, kama mtu anayeita paka, akisikiliza sauti inavyorudi. Akapeleka mkono ukutani kuutafuta ubao. Haupo. Akapiga hatua moja, mguu ukaingia kwenye ndoo, akaanguka.

"Bibi!" alilia. "Umenileta wapi? Hii si skuli yangu!"

Chakula kikawashinda watu. Atuhaire, aliyekuwa karibu, alimwinua na kumpangusa magoti.

Hapo ndipo walipotambua walichokifanya. Hakuna aliyekumbuka vitu vilikaa wapi. Walimu wawili waliokuwepo walibishana kuhusu makabati. Picha za kwenye simu zilionyesha nyuso za watoto tu.

"Tupange tu vizuri, mama," Ssenyonga alisema.

"Vizuri kwa macho yako wewe, baba," Bi Mwanamize alimjibu kwa upole. "Hawa wanaijua skuli kwa mikono. Kabati likisogea kidogo tu, mtu atapasuka uso."

Atuhaire alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Basi tuonyeshe wewe, mama. Sisi tutabeba, wewe utasema."

Bashayer alifuta machozi. Akamshika Atuhaire kiwiko, wakaingia.

Yaliyofuata, Atuhaire anayasimulia taratibu, kama anayeogopa kuyamwaga. Mtoto alisimama katikati ya chumba akageuza kichwa huku na huku. Alivua viatu. Alipapasa vigae kwa nyayo mpaka akakipata kilichopasuka pembeni. "Hapa dawati langu," alisema. Alifuata joto la dirisha kwa shavu, akataja mahali pa meza ya mwalimu. Ubao wa ujiani haukuwa na shida, matundu ya misumari yalibaki ukutani. Kazi ilikuwa lile kabati kubwa la chuma.

Wanaume wanne walilibeba. Mwalimu mmoja aliwaambia waliweke karibu na mlango. Bashayer akakataa.

"Siyo. Kiyoyozi kinapiga kelele. Kabati likiwa mahali pake, kinanong'ona."

Wakalisogeza. "Bado." Wakalisogeza tena, jasho linawatiririka. "Bado, ami. Kidogo. Kidogo tena. Bas! Hapo."

Wakalitua. Ssenyonga akalifungua, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. Ukutani kulikuwa na tundu la zamani la skrubu, dogo, ambalo hakuna aliyeliona wakati wa kuosha. Tundu la mgongoni mwa kabati lilikuwa limelala juu yake sawasawa. Akatia skrubu, ikaingia moja kwa moja.

"Katonda wange," alisema. Mungu wangu.

"Mashallah," Bi Mwanamize alisema wakati huohuo.

Vitu vilipokwisha kurudi, Bashayer aliomba apelekwe getini. Wote walijipanga kando kumpisha. Mtoto akaachia mkono wa bibi yake, akakimbia. Alipita uani, akaingia ujiani, vidole vyake vikigusa ubao kwa mbali tu, akakata kona, akalikwepa kabati, akakaa kwenye kiti chake.

"Khalas," alisema. "Ndo skuli yangu hii."

Watu walipiga makofi. Atuhaire hakuweza. Alitoka nje akalia.

"Mama yangu haoni," anaeleza. "Presha ya macho, mwaka wa nne sasa. Sisi watoto tumemweka kwenye mkeka. Kila nikipiga simu nawaambia wadogo zangu, msimruhusu ainuke, ataanguka. Nilidhani huo ndio upendo. Miaka yote hiyo, mama yangu amekaa tu."

Jioni hiyo alimpigia simu mdogo wake. Alimwambia asihamishe kitu chochote ndani ya nyumba, kisha amwache mama yao asimame.

"Niende wapi?" mama aliuliza, simu ikiwa kwenye spika.

"Jikoni, mama. Nenda ukanywe maji."

Atuhaire alisikia mkeka ukikwaruza. Alisikia sufuria ikianguka, mdogo wake akipiga kelele, naye akampigia kelele amwache. Halafu maji yakamiminwa kikombeni.

"Nikasikia mama anacheka," anasema. "Anacheka peke yake huko jikoni. Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau."

Jumapili watoto wote walirudi shuleni Darsait, hata wale ambao wazazi wao walikuwa na wasiwasi. Bi Mwanamize amempa Atuhaire fimbo nyeupe ya kukunja kwa ajili ya mama yake, na kila Ijumaa yake ya mapumziko anakwenda nyumbani kwa bibi na mjukuu, anafumba macho, Bashayer anamfundisha kuitumia. Mtoto si mwalimu wa huruma. "Usiburure miguu, anti!" humfokea. "Sikiliza!"

Likizo yake ni Desemba. Nyumba ya mama yake iko juu ya kilima, na njia ya kushukia barabarani ina mawe na kona mbili. Tangu mama apofuke, kila Atuhaire akirudi hupanda kilima hicho na kumkuta mama mkekani.

"Safari hii sitapanda kwanza," anasema. "Nitamtumia mama fimbo mapema, niwaelekeze wadogo zangu kwa simu, wao wamfundishe ile njia pole pole. Mimi nikishuka kwenye gari nitakaa palepale barabarani na mabegi yangu. Nataka aje kunipokea."