Kiti cha Marehemu Ngoy

Juzi fundi alikuja kupaka chokaa ukuta wa nyumba yangu hapa Likasi. Alipoimwagia maji, ile harufu kali ikapanda, na mimi, mtu mzima mwenye shahada mbili na shinikizo la damu, nikajikuta nimeketi tena baa, miguu haifiki chini, chupa ya soda mkononi.

Wanaume wa baa ile walikuwa wachimbaji wa mawe ya chokaa. Jumapili walioga, wakaenda misa, wakaja kunywa, lakini chokaa ilibaki masikioni mwao. Baba alinipeleka kila juma. Mama alimpinga mlangoni: "Mutoto wa mwanamuke mu bar? Unatafuta nini na yeye kule?" Baba aliinama akanifunga kamba za viatu, tukaondoka.

Mjue kwamba jina langu, Ngoy, nilipewa la mdogo wake baba, aliyeangukiwa na mwamba machimboni miezi michache kabla sijazaliwa. Kwetu anayepewa jina la marehemu huchukuliwa kuwa ndiye aliyerudi. Kwa hiyo pale baa nilikuwa na kiti changu, kiti cha marehemu, na wenzake walinitania bila huruma.

"Eh Ngoy, toka ulikufa unafupika!"

"Na robe anavaa! Kule mbinguni njo mode?"

Nililitazama gauni langu, nikacheka mpaka soda ikanitoka puani. Nilikuwa na umri wa miaka saba na marafiki wenye ndevu. Sijaheshimiwa hivyo tena, hata chuo kikuu.

Mmoja tu hakutania: Papa Kasongo. Kila mara baba alisogeza kiti changu kielekeane na cha Kasongo. Yeye alikunywa akitazama meza. Jumapili moja, jua likiwaka nje, aliinua uso, macho mekundu, akasema nami, wala si kwa sauti ya mtu anayesema na mtoto:

"Ngoy, nilikudanganya. Ile siku nilikuomba unipokee kazi, uingie machimboni pa fasi yangu, haikukuwa malaria. Ilikuwa pombe. Minye njo nilipashwa kufa, hapana weye. Unisamehe."

Nilidhani ni mchezo uleule, na kwamba zamu yangu imefika. Nikaweka chupa chini.

"Haina neno, petit. Enda ulale."

Petit, yaani mdogo wangu. Ndivyo marehemu alivyokuwa akimwita Kasongo, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nimejihakikishia mara nyingi kwamba lazima nililisikia mahali. Watoto huokota maneno kama kuku anavyookota punje. Shahada zangu zinakubali. Lakini chokaa inaponuka naisikia tena ile sauti ikitoka kinywani mwangu, na haikuwa ya kitoto.

Papa Kasongo alilia bila kujificha. Kisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake, akaondoka. Hakurudi baa. Miaka baadaye nilimwona amenenepa, akiimba katika kwaya ya parokia.

Tuliporudi nyumbani baba alitembea mbele. Hakunishika mkono.

"Nani alikuambia useme?"

"Hakuna, Papa."

Hakunipeleka tena, na mama alishangaa kushinda bila kugombana.

Ni mama aliyenieleza, tulipokuwa tumemaliza kumzika baba. "Baba yako hakupendaka pombe hata siku moja," alisema. "Mambo ya Kasongo, ule uongo wa malaria, aliyajua toka mwanzo. Alikuwa anakupeleka ili Kasongo akuangalie ku macho, akumbuke ule alikufa pa fasi yake."

Siku hizi watu wakibishana kama watoto waruhusiwe kuingia baa, hutaja ulevi, matusi, nyimbo chafu. Nakubali yote. Mimi niliwekwa pale niwe adhabu ya mtu, nikaiondoa bila kujua kwamba ipo. Kasongo alipata usingizi. Baba nilimwacha bila kitu kingine cha kumfanyia marehemu mdogo wake.